Ubunifu kwa Wasiojaaliwa: Hotuba ya Bingwa Pekee wa Thika na Ruiru

Waheshimiwa wazee wa mtaa, mabibi na mabwana, wanafunzi mliotoka Juja kwa gari na mliotoka huko kwa miguu, nanyi vijana mlioingia humu kwa kudhani kwamba leo kuna mpira: baada ya salamu na taadhima ziwastahikizo, nachukua fursa hii adimu kuwajulisha wale wachache ambao hawajapata bahati ya kunijua kwamba aliyesimama mbele yenu ni mtu ambaye, kuanzia maporomoko ya Chania hadi Githurai, hana wa kushindana naye katika elimu ya ubunifu, na ambaye cheo chake cha Ubingwa hakutunukiwa na chuo chochote, kwa sababu iliyo dhahiri shahiri kwamba hakuna chuo chenye mtu wa kumtahini.

Nawaomba mvumilie kelele zinazotoka chini. Mwenye jengo hili alinikodishia ukumbi huu wa ghorofani kwa bei ya heshima, bila kunieleza kwamba chini yake pana kibanda cha PlayStation ambamo wavulana wa Ruiru hulipia mechi baada ya mechi, pedi mkononi na matusi kinywani, na kila bao liingiapo, dari yao, ambayo ndiyo sakafu yangu, hutikisika. Nilishauriwa nihame nikakataa. Mtaalamu wa michezo ya video akihutubia juu ya vichwa vya wachezaji, hapo kila mmoja yuko mahali pake.

Mada yetu ni asili ya ubunifu katika sanaa na katika utengenezaji wa michezo ya video. Rai yangu, niliyoifikia baada ya tafakuri ndefu ambayo haikupata kuingiliwa na kazi yoyote, ni kwamba ubunifu ni ilhamu ishukayo kutoka juu ikamkuta mteule ameketi tayari: haikopi kwa mtu, haipimwi kwa saa, haibanwi na uhaba wa vifaa, wala haimwombi mtazamaji idhini. Chochote kilichozaliwa kwa kuchanganya vya watu, au kwa haraka, au kwa dhiki, au kwa kumsikiliza mteja, hicho ni ufundi tu, na mafundi, waungwana, wamejaa tele kule Kamukunji wakigonga mabati.

Nianze na fahari ya mji huu, ili asije mtu akasema nimewapuuza wenyeji. Watu hupenda kutamba kwamba Ruiru imetoa ubunifu unaojulikana dunia nzima, na ukiwauliza ni upi, hukutajia mti. Ni kweli kwamba katika mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo hapa kiliwapa wakulima aina mpya iitwayo Ruiru 11, iliyo fupi hata shamba dogo likabeba miche mingi, na yenye kuhimili maradhi yale yanayoozesha tunda la kahawa lingali bichi, pamoja na kutu ya majani. Lakini hebu tuichunguze nasaba yake. Upande wa mama ni Catimor, ambayo ndani yake mna damu ya mti uliozuka wenyewe katika kisiwa cha Timor. Upande wa baba mna SL28 iliyochaguliwa Kabete katika miaka ya 1930, mna K7, mna na mti mwingine wenye asili ya Sudan. Tena mseto huo hautulii: ili mbegu ipatikane, mfanyakazi hana budi kuichukua chavua kwa mkono wake na kuifikisha kwenye ua, kisha aende ua la pili, kisha la tatu, hadi jua linamwelemea. Na kilichowasukuma wataalamu wale kuyafanya haya yote hakikuwa ilhamu. Ni hofu, maana maradhi hayo yalikuwa yameyatafuna mashamba ya nchi mwishoni mwa miaka ya 1960. Sasa nawauliza, ubunifu gani huo unaoanzishwa na ugonjwa, ukaendeshwa kwa vitu vya kuazima kutoka visiwa vya mbali, na kuchukua miaka mingi ya kujaribu na kung'oa? Marehemu babu yangu aliupanda mti huo, ukamsomesha baba, ukanisomesha na mimi, hilo silikani. Kwa mizani ya sanaa, hata hivyo, naupa alama ya chini.

Tuvuke bahari sasa, tuwatazame Wajapani, ambao serikali yao ilitusaidia kukianzisha chuo cha Juja mwaka 1981, hiki ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na ambao wasomi wenye haraka huwataja kama mabwana wa michezo ya video. Mwaka huohuo wa 1981, Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo alikuwa na kazi ya kutengeneza mchezo, na kampuni ilikuwa imetaka kumtumia Popeye, yule baharia wa katuni, ikakosa ruhusa. Basi, kwa kukosa, akabuni fundi seremala wake mwenyewe anayeruka mapipa yarushwayo na sokwe. Mashine za siku zile zilimpa vitone vichache mno vya rangi vya kumchorea mtu mzima. Nywele hazikuchoreka zikapendeza, akamvika kofia. Mdomo haukuonekana, akampachika sharubu chini ya pua, na mdomo ukawa hauhitajiki tena. Mikono ilipotelea mwilini, akamvika ovaroli ili mikono ionekane ikitikisika akimbiapo. Huyo ndiye Mario ambaye watoto wenu humchora madaftarini. Na kila mnachokipenda kwake, waungwana, ni kiraka kilichoziba upungufu.

Kabla yake, mwaka 1978, Tomohiro Nishikado alikuwa ameunda Space Invaders, mchezo wa kuwapiga risasi wavamizi wanaoteremka safu kwa safu. Mashine yake haikuwa na nguvu ya kuwasogeza wote kwa pamoja upesi, kwa hiyo mwanzoni walikwenda polepole. Lakini kadiri mchezaji alivyowaua, mzigo wa mashine ulipungua, na waliosalia wakazidi mbio. Mtu mwenye kujiheshimu angalificha udhaifu huo kwa aibu. Nishikado alitazama, akaona kwamba mchezaji hushikwa na kihoro zaidi pale ushindi unapomkaribia, akauacha uwe hivyohivyo. Baadhi yenu mnatikisa vichwa kwa kustaajabu, acheni. Aliyestahili kusifiwa hapo ni yule ambaye angaliingoja mashine iliyo bora. Mimi naingoja.

Sasa turudi kwetu Afrika ya Mashariki, kwa maana wenye kunipinga wamezoea kunirushia jina la Edward Saidi Tingatinga. Huyu alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, na nini alichokitumia? Rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na mapande ya ubao mwembamba wa kiwandani. Hakupata turubai wala hakupita chuo cha sanaa, wala hakuwa na mlezi wa kumkidhia haja. Aliuza vibao vyake nje ya duka pale Oysterbay kwa wazungu waliokuja kununua maziwa na siagi, na rangi ile ya baiskeli, kwa kuwa hung'aa na haikubali kuchanganyika kwa ustaarabu, ndiyo iliyowafanya chui na ndege wake wang'ae kiasi kile. Akawafundisha jamaa zake, wakaiga. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, akiwa amechora kwa miaka minne tu. Jamaa wakaendelea kuiga, kisha wakaigana wenyewe kwa wenyewe, na kila mwigaji akaongeza chake. Mwaka 2010 watu wa studio ya Homeboyz hapo Nairobi, wakishirikiana na kampuni ya Uingereza, wakawachukua wanyama hao wakawatia uhai katika filamu za watoto ziitwazo Tinga Tinga Tales, zikaonyeshwa katika BBC. Kwa hiyo kopo la rangi ya baiskeli limefika London, ilhali mimi, mwenye rangi za maji zilizoagizwa Ufaransa na ambazo sijazifungua kwa kuhofia zitakauka, sijafika.

Nilipata faraja kidogo kwa Elimo Njau, mmoja wa waasisi wa ukumbi wa sanaa wa Paa ya Paa uliofunguliwa Nairobi mwaka 1965, aliyewaonya wasanii kwamba kuiga humtia Mungu usingizini. Hapo nikasema: alhamdulillahi, nimepata mwenzangu. Nikapanda gari kwenda Murang'a, mwendo usio mrefu kutoka Thika, kutazama picha alizozichora ukutani mwa kanisa katika miaka ya 1950, nikitarajia kuona kitu kisichopata kuwako. Nikakuta nini? Maisha ya Yesu! Hadithi yenye umri wa miaka karibu 2000, inayojulikana na kila mtoto wa shule ya Jumapili, ila ameitia katika nchi ya Wakikuyu, watu wake weusi, milima yake ni hii yetu. Nilikuwa nimekwisha kuvua kofia, nikairudisha kichwani.

Lakini hao ni watu wakubwa, na huenda mkadhani kwamba nawaonea wivu. Nitatoa burhani kutoka barabarani, mahali ambapo hapana mtu wa kumwonea wivu. Juzi nilipita katika gereji moja pembeni mwa barabara ya Thika, nikamkuta kijana anapaka matatu, moja ya hizo nganya zinazotufanya tuchelewe kazini kwa kuchagua. Vioo vyote vilikuwa vimefunikwa magazeti, kompresa inanguruma, yeye amepiga magoti kando ya mlango, anakata utepe wa karatasi kwa wembe mkongwe, kipande kwa kipande, kufuata mstari wa taya la mchezaji mpira maarufu ambaye picha yake ilikuwa katika simu iliyopasuka kioo, imeegemezwa kwenye kopo la thina. Nikamwuliza kwa upole wa kitaalamu, ilhamu hii imekushukia saa ngapi? Akaniambia bila kugeuka kwamba mwenye gari ndiye aliyemtaka mchezaji huyo, na kwamba wiki iliyopita mchezaji alikuwa amehamia timu nyingine, kwa hiyo anaibadili jezi rangi, na pale palipokuwa na nembo ya timu ya zamani atatia simba, kwa kuwa rangi nyekundu iliyobaki inatosha simba mmoja. Nilistaghafiru. Chini ya picha ulipita ule mkanda wa manjano ambao kanuni za waziri Michuki za mwaka 2004 ziliulazimisha kwa kila matatu, na ambao wengi tulidhani ungeizika sanaa ya magari. Kijana yule alikuwa ameufanya ulimi wa simba, umetoka mdomoni ukalizunguka gari zima hadi taa za nyuma. Mteja amemwamuru, serikali imembana, rangi imemwishia, na bado anapiga mluzi! Nikaondoka nikimsikitikia, ingawa nilisimama hapo hadi jioni.

Kuna na wale wanaoniletea habari za bao. Hawa huwa ni watu wa Pwani, au watu waliowahi kulala Mombasa usiku mmoja. Husema kwamba bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ndilo mchezo mkubwa kabisa uliobuniwa upande huu wa dunia. Kwamba mchezaji huanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni. Kwamba ndani ya nyumba moja yenye kete sita umefichwa uchaguzi wa kucheza au kulala ambao huwatoa jasho wazee wenye mvi. Kwamba mtaalamu Alex de Voogt alikwenda Zanzibar kuwachunguza mabingwa wake, akaandika kitabu mwaka 1995 juu ya mipaka ya akili ya mwanadamu. Wakikuyu nao watasema giuthi, ndugu yake bao, ilichezwa katika ardhi hii hii kabla ya nanasi la kwanza kupandwa Thika. Hayo yote nayajua. Pingamizi langu ni moja: aliyelibuni bao ni nani? Hakuna ajuaye. Kanuni zimepita mikononi mwa watu wengi, huyu akaongeza, yule akapunguza, aliyechoshwa na sehemu fulani akaiacha, mpaka kikabaki kile ambacho mchezaji hakuweza kukiacha. Mchezo usiotangulizwa na jina la mtungaji kwa herufi kubwa, wala picha yake akiwa ameshika kidevu, mimi siwezi kuuita kazi ya sanaa.

Alhasili, tumefika kwa watengenezaji wenyewe wa michezo ya video, na hapa naomba utulivu, hasa kutoka chini. Mwaka 2007 Mkenya aitwaye Wesley Kirinya alitoa mchezo wa The Adventures of Nyangi, ambamo mwanamke hutembea akitafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Aliuandika mwenyewe, mstari kwa mstari, wakati ambapo intaneti yetu ilikuwa ikitambaa. Mwaka 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana, wakaanzisha Leti Games. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na wenzake wakatoa Nairobi X, mchezo ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanaushambulia mji mkuu, jambo ambalo mkazi wa Githurai huliona kuwa ni nyongeza ndogo tu juu ya msongamano wa kawaida. Kule kaskazini mwa Uganda, Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini mwa wakimbizi, alinunuliwa kompyuta na mama yake kwa akiba ya miaka mitatu; akawa anakwenda kwa miguu masaa mengi kutafuta umeme wa kuichaji, akatengeneza mchezo ambao ndani yake mtu hukimbia vita akitafuta maji, chakula na amani, akauita Salaam.

Nimewasoma hawa wote kwa makini na kwa insafu, nikitafuta kosa lao, na nimeliona. Walimaliza. Maadam mtu hajamaliza, kazi yake ni kamilifu katika fikra, wala hakuna jicho la hasidi litakaloiona ila. Akishamaliza, mtoto yeyote mwenye simu ataibonyeza, atapiga miayo, ataifuta apate nafasi ya kuweka picha za harusi. Kirinya angalibaki na Nyangi kichwani mwake, nani leo angaliweza kusema kwamba miti yake ni mikavu?

Mwenye kutaka ushahidi wa hatari ya kumaliza na asikilize kisa hiki. Nilikuwa katika matatu kutoka hapa Ruiru kwenda Juja, na kando yangu ameketi mvulana wa kidato cha pili anayeishi Kiganjo, Thika, kichwa kimeinama kwenye simu. Nikamwuliza anacheza nini. Akasema, kwa adabu ambayo nakiri ilinifurahisha, "Sichezi, mzee, natengeneza." Ilikuwa gemu aliyoiunda kwa programu ya bure iitwayo Godot, humohumo simuni. Nikamtaka anieleze falsafa yake. Hakuwa nayo. Alikuwa na makanga.

Katika gemu hiyo wewe ni makanga wa matatu iendayo Thika. Gari lenyewe halionekani, wala barabara, wala magurudumu, kwa sababu mvulana hajui kuchora magurudumu yakizunguka. Alijaribu, yakawa yanaruka. Basi akaufunga mchezo wote ndani, na kinachoonekana ni mikono tu, mikono ya abiria ikinyoosha noti: hamsini, mia, mia mbili, na asubuhi na mapema, mtu mmoja mwenye noti ya elfu. Mkono wenyewe ni mmoja. Ni wake, ameupiga picha mezani kwa mama yake, akaugeuza rangi ya shati mara nyingi, hapa akaupa saa, hapa pete, hapa bangili za shanga. Kazi yako ni kurudisha chenji kabla ya steji ya mwenye mkono haijafika: Roysambu, Githurai, Kahawa, Ruiru, Juja. Ukikosea hesabu, sauti hupanda, na sauti zote ni za mjomba wake, aliyerekodiwa jikoni akisema "Wewe, chenji yangu!" kwa namna tisa za hasira.

Sikizeni sasa upotovu ulivyoingia. Ana dada wa miaka tisa. Akampa simu ajaribu, akaketi kando yake akimtazama bila kusema neno, jambo ambalo mimi kama mtaalamu nalikataza kabisa, maana hadhira haijui ipendalo. Yule binti mdogo, badala ya kurudisha chenji upesi, akagundua kwamba akichelewa makusudi abiria hufika steji akashuka, na zile pesa zikabaki kwake. Akacheka hadi akaanguka kitini. Mvulana akaona kwamba ni kasoro ya hesabu zake, akafungua programu airekebishe. Kisha, kwa kauli yake mwenyewe, akaukumbuka ule mcheko, akaiacha. Akaiacha kasoro! Tena akaijengea: akamtia nyanya mmoja mwenye kiondo, anayeshuka Juja, ambaye hasahau chenji yake kamwe, na ambaye ukimdhulumu hashuki, hubaki garini hadi mwisho wa safari akiwasimulia abiria wengine habari zako, nao wote wakaanza kuhesabu. Dada yake alipomkuta nyanya mara ya kwanza alipiga kelele, akataka kucheza tena.

Nikamweleza mtoto huyo, kwa upendo, mahali alipopotea. Nikamwambia kwamba ameazima barabara ya watu, mikono ya watu na sauti ya mjomba. Kwamba amekubali kutawaliwa na upungufu wa simu yake. Kwamba amemfanya mtoto wa darasa la tatu kuwa mhakiki wake. Kwamba hapo hapana ilhamu hata ya kutia jichoni. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama ningependa kujaribu. Kwa ajili ya utafiti tu nikakubali. Safari ya Juja ni fupi, na dereva wa siku hiyo alikuwa na kasi isiyo ya kiungwana, kwa hiyo nilipoinua macho tulikuwa tumekwisha ingia steji ya Thika, na makanga halisi ananidai nyongeza ya nauli. Nilimlipa kwa noti ya elfu. Chenji yangu sikuiona, na sikumwuliza, kwa kuwa nyanya alikuwa ameniganda na nilikuwa nataka nimshinde.

Haya yote nimeyaeleza ili mpate kuithamini kazi yangu mwenyewe, mchezo uitwao Milele, ambao nilianza kuutafakari wakati barabara kuu ya Thika ingali vumbi na matingatinga, kabla haijafunguliwa mwaka 2012. Milele una ulimwengu mzima. Una falme, una nasaba za wafalme, una dibaji, una shukrani kwangu kutoka kwangu, una wimbo wa taifa wa kila ufalme isipokuwa miwili. Ramani yake imeenea kuta tatu za chumba changu, na ya nne nimeiachia dirisha, ambamo ilhamu itapitia. Hauna upungufu wowote wa kuuzunguka, kwa sababu haujaingizwa katika kompyuta yoyote. Haukuazima kitu, kwa sababu kila nilipoona kwamba kitu fulani kimeshafanywa na mtu nilikifuta, na hivi sasa nimefuta wahusika wote. Mtu mmoja aliniuliza, mchezaji hufanya nini katika Milele? Nikamjibu kwamba swali hilo ndilo tofauti baina ya mtu mbunifu na mtu wa kibanda cha PlayStation.

Naona mikono imeinuliwa. Nitapokea swali moja. Ndiyo, wewe bwana mdogo mwenye fimbo nyeupe, uliyesema kwamba umesoma katika Shule ya Wasioona ya Thika, ile iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Umeuliza asiyeona atauchezaje mchezo wa video. Jibu ni kwamba mchezo wa video ni picha, na asiye na picha hana mchezo. Unasema nini? Unasema kwamba tangu ulipoketi umeweza kufuata mechi nzima ya huko chini kwa masikio: kwamba wa kushoto hubonyeza pedi kwa nguvu kabla ya kupiga shuti, kwamba wa kulia hunyamaza akikaribia goli, kwamba yamefungwa matatu kwa mawili, na kwamba yule mvulana wa Kiganjo ameketi nyuma yako na tayari ameshakuuliza mikono ya abiria ingelia vipi kama ingekuwa sauti badala ya picha? Nawaomba nyinyi wawili mkae mbalimbali. Hapa ni mahali pa nadharia.

Wakati wetu umekwisha, na mwenye ukumbi ananionyesha saa yake. Somo la pili litafanyika Jumamosi ijayo mjini Thika, na kiingilio ni shilingi 500, pamoja na cheti nilichokitia sahihi mwenyewe. Ambao hawajaanza kitu chochote wanakaribishwa safu ya mbele. Walioanza wakaacha watapewa viti. Na ambao wana gemu, picha au mchezo uliokwisha kamilika wanaombwa, kwa heshima ya wenzao, waviache nyumbani.